Kuzima Injini ya Lori



Ni haba siku hizi nyumba isiyo na kijana katika kazi ya malori. Kama si dereva ni taniboi, kama si taniboi ni fundi, au ni yule akeshaye getini akifungulia magari. Nasi tumewalea watoto wetu kwa kazi hiyo, maana tulishika usukani mwaka 1988 tukauacha mwaka 2019, na barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma twaijua kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Vijana hutujia jioni kutuuliza mambo. Huuliza jinsi ya kuwasha lori penye baridi, jinsi ya kupanda mlima na mzigo, jinsi ya kubadili gia pasipo kuzikwaruza. Hajatokea hata mmoja aliyetuuliza jinsi ya kulizima. Hudhani kuzima si kazi, ni mwisho wa kazi. Mtu hufika, huzima, hushuka, akaenda kula. Nasi tulidhani vivyo hivyo kwa miaka 8, na kwa sababu ya dhana hiyo kijana asiye na kosa alitolewa kazini, nasi tukanyamaza. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia, pamoja na mambo ya injini yaliyo lazima ili ieleweke.

Kwanza msomaji ajue kwamba injini ya dizeli yatofautiana na ya petroli kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba haina cheche. Hewa yaingia katika silinda, pistoni yaishindilia mpaka iwe sehemu moja ya kumi na sita au kumi na nane ya ukubwa wake wa kwanza, na kwa kushindiliwa huko yapata moto kupita digrii 500. Hapo ndipo dizeli inyunyizwapo, nayo yawaka yenyewe. Ndivyo alivyowaza Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na injini yake ilithibitishwa huko Augsburg mwaka 1897. Mwenyewe hakuona malori yanayoitumia leo, maana usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipotea katika meli akisafiri kwenda Uingereza, na maiti yake ilionekana baharini baada ya siku kadhaa. Basi kwa kuwa hakuna cheche, hakuna cheche ya kukata. Injini ya namna hii huzimwa kwa kunyimwa mafuta. Na ikipata kitu kingine cha kuungua, hata kama si dizeli, haitauliza kimetoka wapi. Msomaji alishike neno hili, maana litarudi.

Pili, malori makubwa ya siku hizi yana kifaa cha kusukuma hewa, ambacho mafundi hukiita tabo. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yamefungwa katika mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini walizungusha la kwanza, nalo la pili lasukuma hewa ndani ya silinda, ili gari lipate nguvu zaidi. Lori likiwa mlimani, mhimili huo huzunguka mara 80,000 kwa dakika, hata mara 100,000, na upande wa moshi wa chuma hicho hufikia digrii 600 na zaidi. Mhimili wenyewe haukushikwa na kitu ila na utando mwembamba wa oili. Oili hiyo huletwa na pampu ya injini. Injini ikisimama pampu husimama, na oili husimama. Lakini tabo haisimami papo hapo.

Mwaka 1996 tulikuwa tukiendesha lori la mtu mmoja wa Iringa, la silinda 6, lenye tabo, na trela lake. Lilikuwa la namna ya zamani, halina kompyuta, na kulizima kulikuwa kwa kuvuta waya uliotokea chini ya usukani. Taniboi wetu alikuwa kijana wa miaka 19, mtu wa upande wa Njombe, mpole na msikivu, ambaye kabla ya kuja kwetu alikaa mwaka mmoja akiosha vyuma katika karakana. Katika kuosha vyuma alikuwa amejifunza mengi kuliko tulivyomdhania.

Aujuaye mlima Kitonga hahitaji kuelezwa. Pale Ruaha Mbuyuni joto ni jingi na mibuyu imesimama pande zote. Mbele yake barabara yaanza kupanda kwa kujizungusha ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali, upande mmoja korongo. Siku nyingi tulikuwa na tani 28 za saruji, yaani mifuko 560. Lori lenye mzigo huo hupanda kwa gia ndogo, mwendo ambao mtu mzima aweza kulifuata kwa miguu, na dereva amekanyaga mafuta mpaka chini kwa muda mrefu. Tukifika juu, desturi yetu ilikuwa kuegesha kando, kuvuta ule waya papo hapo, na kwenda kunywa chai. Tulijiona twalihurumia gari. Tulisema limechoka, acha lipumzike. Tena tulijiona twamwekea mwenye gari akiba ya dizeli.

Siku moja yule kijana alituambia kwa adabu, “Kaka, pale karakana mafundi walikuwa wakisema gari likitoka mlimani liachwe lingurume kidogo kwanza, ndipo lizimwe.”

Tukamjibu, “Kule uliosha vyuma. Huku tunaendesha.”

Hakusema tena. Mtu aliyejibiwa hivyo mbele ya wauza chai hasemi tena.

Miezi ikapita. Asubuhi injini ilipowashwa ilianza kutoa moshi wa samawati, uliokuwa ukipungua injini ikipata joto. Oili tuliongeza lita 1 kila safari, kisha 2, kisha 4. Kijana ndiye aliyekuwa akiipima, naye alilala chali chini ya gari akatafuta panapovuja, asione hata tone. Akatuuliza oili yaenda wapi, ikiwa chini haidondoki. Tukasema injini iliyokwisha fanya kazi nyingi haikosi kunywa. Mluzi wa tabo nao ulikuwa umebadilika, umekuwa na mkwaruzo ndani yake; nasi tuliusikia, wala hatusemi kwamba hatukuusikia.

Ikawa jioni moja ya mwezi wa Oktoba tumefika Iringa katika ua wa mwenye gari, na mzigo wote juu. Wachukuzi 6 walikuwa wameketi karibu na ghala wakingojea kupakua. Tulifunga breki ya mkono, tukavuta waya. Injini ikashuka kidogo kama itakayozimika, kisha ikapanda. Tukavuta tena. Waya ulikuwa umetoka wote mkononi mwetu, dizeli imekatwa, na injini ilizidi kupanda. Haikunguruma tena, ilitoa mlio mmoja mkali usiokuwa na pumzi, na kebini ikatetemeka hata kioo cha pembeni kikaanguka. Moshi mzito ukaujaza ua, mlango wa ghala usionekane.

Je, sisi tuliokuwa dereva tulifanya nini? Tulifungua mlango, tukaruka, tukakimbia mpaka getini. Mwanadamu akikimbia hatari isiyozuilika hana lawama. Lakini hatukusimama kufikiri kama yazuilika. Wachukuzi nao hatukuwaambia neno.

Kijana ndiye aliyewapigia kelele wakimbie. Kisha akapanda ndani ya kebini tuliyoiacha wazi. Akakanyaga breki na klachi, akaingiza gia kubwa kuliko zote, akaiachia klachi kwa ghafula. Lori likaruka mbele kama ng'ombe aliyechomwa mkuki, bampa ikaupiga ukuta wa ghala ikaubomoa upana wa mlango, na injini ikakabwa, ikafa. Kimya kilikuwa kikubwa hata tukasikia maji yakichemka ndani ya rejeta.

Mwenye gari akatoka nyumbani mbio. Aliona ukuta umebomoka, taniboi ameketi mahali pa dereva, na dereva amesimama mbali getini. Akauliza, “Nani amempa mtoto huyu gari?”

Kijana alitutazama. Hakujitetea; alitungoja sisi tuseme. Nasi tukasema kwamba tulikuwa tumekwisha kushuka. Neno hilo lilikuwa kweli, maana kweli tulikuwa tumeshuka. Na lilikuwa uongo kuliko uongo wote tuliopata kuusema. Jioni ile ile alipewa nusu ya mshahara, nusu ikazuiwa kwa ajili ya ukuta, akaondoka na mfuko wake wa nguo. Alipopita karibu yetu alituamkia kama kila siku, “Shikamoo, kaka.” Tukaitikia.

Siku ya pili fundi aliifungua tabo. Akaushika ule mhimili kwa vidole viwili akautikisa, nao ukacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akatuonyesha kitundu cha kupitishia oili. Kilikuwa kimezibwa na kitu cheusi, kigumu, mfano wa ukoko wa sufuria iliyounguza maharage. Kisha akatuuliza gari lile lilizimwaje likitoka mlimani. Hatukujibu, naye hakungoja jibu, maana ukoko ulikuwa umekwisha kumjibu. Akatueleza kwamba injini ikizimwa hali ni moto sana, tabo huendelea kuzunguka pasipo oili mpya, na joto la upande wa moshi humwagikia katikati, penye oili kidogo iliyobaki, likaipika. Siku moja haidhuru sana. Lakini siku kwa siku oili hugeuka ukoko, ukoko hula mhimili, mhimili hulegea, na vizuizi vya oili huharibika. Hapo oili ya injini yaanza kuvutwa pamoja na hewa kuingia katika silinda. Nayo yaungua vizuri kama dizeli. Basi dereva avuta waya akate dizeli, na injini yajinywea oili yake yenyewe, na kadiri inavyokwenda mbio ndivyo inavyozidi kuivuta, mpaka oili iishe, au chuma kivunjike na mkono wa pistoni utoboe ubavu wa injini. Mwisho fundi akasema, “Huyu aliyeizima jana alijua anachofanya.”

Hata hapo hatukusema. Tulikaa majuma matatu. Tulipomwambia mwenye gari, alinyamaza kitambo, akatuuliza kijana yuko wapi sasa, nasi hatukujua. Gharama ya ukuta na ya tabo alitukata sisi kidogo kidogo mwaka mzima, jambo lililokuwa haki. Nusu ya mshahara wa kijana tulimpa dereva wa basi aipeleke Njombe kwa jina lake. Simu za mkononi hazikuwapo kwetu wakati ule. Baada ya miezi miwili fedha ikarudi katika bahasha ile ile, kwamba mtu huyo hakuonekana.

Tangu hapo tulibadili desturi, na kwa kuwa vijana hawakutuuliza tutasema bila kuulizwa. Safari ikikaribia kwisha, kilomita mbili tatu za mwisho twaliendesha gari polepole, maana hapo ndipo injini ianzapo kupoa. Tukifika twaegesha penye usawa, twafunga breki ya mkono, twatoa gia, na kuiacha injini ingurume peke yake dakika 3. Ikiwa tumetoka mlimani na mzigo, dakika 5. Katika dakika hizo hatukanyagi mafuta. Kuna madereva wapendao kupiga ngurumo moja kubwa ya mwisho kabla ya kuzima, kana kwamba waaga. Hao huizungusha tabo kwa nguvu zote, kisha waikatie oili papo hapo. Hatujui desturi mbaya kuliko hiyo. Dakika zenyewe si za bure, maana twazitumia kuandika kitabu cha safari, kuzunguka gari tukitazama matairi, kunusa kama kuna breki inayonuka kuungua. Kisha ndipo twazima, twatoa ufunguo, twatia mawe au vizuizi magurudumuni.

Wala mtu asizidishe, akaliacha gari lingurume saa nzima hali yeye anakula. Lori kubwa lisimamapo hivyo lanywa lita 2 au 3 za dizeli kwa saa, na injini iliyopoa mno haichomi mafuta yake yote. Mengine huosha oili kutani mwa silinda, mengine huwa masizi.

Tena kuna siku ya kutongoja hata dakika moja. Mshale wa oili ukianguka chini hali injini yakwenda, zima hapo hapo, maana kila mzunguko ni chuma juu ya chuma. Moto ukionekana, zima. Lakini mshale wa joto ukipanda peke yake, na maji hayajamwagika, ni jambo jingine: pumzisha mguu, ingiza gia ndogo, simama mahali pa salama na uiache injini izunguke kidogo ili maji yatembee, kisha uzime kama hapoi. Na rejeta yenye moto usiifungue kifuniko. Maji yaliyofungiwa hupita digrii 100 pasipo kuchemka, na siku ukiyafungulia huchemka yote kwa mara moja usoni pako. Tumemwona mtu aliyepatwa na hayo pale Mikumi, na hatutaki kuyaeleza.

Kwa habari ya injini ikimbiayo yenyewe, njia ya klachi na gia kubwa yafaa kwa gari lenye klachi ya mguu tu, tena kama mbele hapana mtu. Njia nyingine ni kuizuia hewa: ubao mpana ukiwekwa penye mdomo wa bomba la hewa, au kizima moto cha hewa ya kaboni kikipuliziwa humo. Asithubutu mtu kuziba kwa mkono wala kwa kitambaa, maana mvuto wake ni mkali, kitambaa humezwa na mkono huumizwa. Na mtu asiyeweza kufanya lolote kati ya hayo na akimbie, ila awaambie wenzake nao wakimbie. Gari hununuliwa tena.

Kuwasha nako kuna haki yake, lakini tutasema kwa ufupi. Pima oili na maji kabla ya kugusa ufunguo. Stata isizungushwe zaidi ya nusu dakika, kisha ipumzike dakika 2. Injini ikipokea, usiikanyagie mafuta. Oili inahitaji nafasi ya kupanda mpaka kwenye tabo, na upepo wa breki nao unahitaji nafasi ya kujaa. Na katika kuteremka, gia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza, isizidi ile ambayo ungepandia mlima huo huo. Atoaye gia ili ashuke kwa bure amewapa breki kazi ya injini. Breki hupata moto, kisha hazishiki. Wengi waliobaki chini ya Kitonga walibaki hivyo.

Malori mapya yana mambo yake. Mengine hujichomea masizi katika bomba la moshi, na taa huwaka kumjulisha dereva. Wakati huo bomba lina joto kali, kwa hiyo usiegeshe juu ya majani makavu, wala usizime kabla ya kazi hiyo kwisha ukiweza kungoja. Mengine yana tangi dogo la maji ya dawa ya kusafishia moshi, na baada ya injini kuzimwa pampu yake huendelea kidogo kurudisha maji hayo tangini. Akataye betri mara moja huyaacha yagande katika mabomba. Basi hata kompyuta imekuja kumwambia dereva lile lile alilotuambia mwosha vyuma, kwamba angoje.

Neno moja kwa akina mama. Nyumba nyingi za madereva zina dirisha la watoto upande ule ule wa maegesho, na mume afikapo usiku bomba la moshi laelekea dirishani. Moshi wa dizeli si uchafu wa nguo tu. Mwaka 2012 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa wanadamu, na ile ya mapafu ikatajwa waziwazi. Tena moshi wa injini yoyote una hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, iuayo mtu usingizini. Zile dakika 3 twazihimiza sana, lakini ziwe mahali penye upepo, na bomba lielekee barabarani. Kwetu mama watoto alikuwa akifunga dirisha asikiapo gari getini, naye hapakui chakula mpaka injini inyamaze; watoto walijua hivyo, wala hawakukimbilia gari mpaka kimya kiwepo.

Mwaka 2009 tulisimama Makambako tukitoka Mbeya. Lori la tangi la mafuta likaingia likaegesha kando yetu, dereva akashuka na kuiacha injini ikinguruma, akaanza kuzunguka akitazama matairi. Alikuwa mtu mzima, amenenepa kidogo. Sisi tulimjua kwa mwendo. Yeye alitujua kwa uso. Akaja akasema, “Shikamoo, kaka.” Tukaitikia, na papo hapo tukaanza, kwa kuwa miaka 13 tulikuwa tumeyaweka maneno hayo tayari: “Mdogo wangu, siku ile ya Iringa...”

Akainua mkono. “Subiri kwanza nizime gari, kaka.”

Akarudi kumalizia matairi ya upande wa pili. Tulisimama pale kofia mkononi, tukaisikiliza injini. Yakini zilikuwa dakika 3, lakini kwetu zilikuwa ndefu kuliko kupanda Kitonga. Kisha akapanda, akazima, akatoa ufunguo, akatia vizuizi viwili magurudumuni, akaja akifuta mikono.

“Haya, kaka. Sema.”

Tukasema yote, na lile la kushuka pia. Nusu ya mshahara wake wa mwaka 1996 tukampa pale pale. Fedha ilikuwa imepungua thamani hata isingejaza ndoo ya dizeli, naye alipoihesabu akacheka. Tulitaka kuongeza, akakataa. Akaitia mfukoni, akatuuliza kama ule ukuta ulijengwa tena. Tukamwambia ulijengwa.